Anayeikimbilia Mvua na Anayeikimbia: Somo la Usalama Barabarani Kitale na Bungoma

Mkazi wa Kitale au Bungoma hahitaji runinga kumwambia kwamba mvua inakuja. Asubuhi jua huwaka na ardhi hupata joto. Ifikapo saa nane mchana mawingu huanza kurundikana juu ya Mlima Elgon upande mmoja na milima ya Cherangani upande wa pili. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki, hewa hupanda juu kwa kasi, na kabla ya jua kutua huwa kuna radi, upepo mkali na pengine mvua ya mawe. Msimu wa mvua hapa ni mrefu, huanza Machi na kuendelea hadi karibu mwisho wa mwaka, kwa hiyo hali hii si ngeni kwa yeyote.

Somo hili halihusu mvua yenyewe. Linahusu wanachofanya watu barabarani inapoonekana. Wapo wanaoikimbilia: vijana wanaobebana watatu kwa bodaboda moja kwenda kutazama mto uliofurika, wenye magari wanaosimama juu ya daraja kupiga picha, na dereva anayefuata wingu la mvua ya mawe akiwa na simu mkono mmoja na usukani mkono wa pili ili video yake iwe ya kwanza kusambaa. Wapo pia wanaoikimbia: dereva wa matatu anayetaka kufika steji kabla barabara haijateleza, mkulima anayekimbilia mahindi aliyoanika kando ya lami, na kijana wa trekta anayevuta trela lisilo na taa giza likiingia. Makundi haya mawili hujiona tofauti kabisa. Kwa mtoto wa shule anayevuka barabara wakati huo, hakuna tofauti.

Wawinda dhoruba

Nchini Marekani kuikimbilia dhoruba ni shughuli yenye jina lake. Kila mwaka, hasa Aprili hadi Juni, mamia ya watu huendesha magari katika majimbo ya Oklahoma, Texas na Kansas wakitafuta vimbunga. Wengine ni wanasayansi, wengine ni wapiga picha, na wengine ni watu wa kawaida wenye hamu ya kuona. Wana rada kwenye simu na wana uzoefu wa miaka mingi. Bado wanakufa, na namna wanavyokufa inafaa kutazamwa na mtu wa hapa.

Mnamo 1984 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oklahoma aliyekuwa katika safari ya kuwinda dhoruba alikufa kwa ajali ya gari. Machi 28, 2017, karibu na mji mdogo wa Spur, Texas, magari mawili ya wawinda dhoruba yaligongana kwenye njia panda na watu watatu wakafa. Gari moja halikusimama kwenye kibao kilicholiamuru kusimama. Kimbunga hakikuwagusa. Waliuawa na kosa ambalo polisi wa trafiki wa Kitale huliona kila siku.

Mei 31, 2013, karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, kimbunga chenye upana wa kilomita 4 hivi kilibadilisha mwelekeo na kasi kwa ghafla. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Tim Samaras, mhandisi aliyeheshimiwa kwa utafiti wake wa vimbunga na aliyejulikana kwa uangalifu, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Siku hiyo hiyo barabara za eneo hilo zilijaa magari ya waliokuwa wakikikimbilia kimbunga na ya waliokuwa wakikikimbia, kila mmoja akizuia njia ya mwenzake.

Elgon haitoi vimbunga vya namna hiyo. Lakini hali ya barabara kujaa watu wa aina mbili wenye haraka mbili zinazopingana inaonekana kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye jioni yoyote ya mvua kubwa, kuanzia Kiminini hadi mteremko wa Kamukuywa.

Mita arobaini na nne

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa matatu na mabasi, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiangalia simu kwa sekunde mbili tu kuhakikisha kwamba kamera inarekodi, amesafiri mita 44 bila kuona. Umbali huo unatosha kumfikia mtu aliyeinama kukusanya mahindi au pikipiki iliyosimama kwa sababu dereva wake anavaa koti la mvua. Na hapo bado hajakanyaga breki.

Breki nayo haifanyi kazi sawa. Kwenye lami iliyolowa gari huhitaji umbali mkubwa zaidi kusimama, takriban mara mbili ya ule wa lami kavu. Tairi likiwa kipara, maji hukosa pa kupita chini yake, na gari likawa linaelea juu ya maji badala ya kushika barabara. Jambo ambalo madereva wengi hulisahau ni kwamba dakika za kwanza za mvua baada ya siku kadhaa za jua ndizo mbaya kuliko zote. Vumbi, mafuta yaliyodondoka na mpira wa matairi huchanganyika na maji kidogo na kufanya utelezi kama sabuni. Mvua ikiendelea, uchafu huo huoshwa. Kwa hiyo yule anayeongeza kasi manyunyu yanapoanza, ili aiwahi mvua, anaongeza kasi wakati barabara imeharibika zaidi.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa anayetumia simu akiendesha gari. Ni kiasi kidogo ukilinganisha na hatari yake. Abiria wana nafasi kubwa kuliko faini. Makanga na dereva husikia abiria watatu wakisema kwa pamoja, "Dereva, punguza, tunataka kufika," hata kama watanung'unika. Mwenye kutaka kupiga picha ya wingu ashuke, au amwachie simu aliyeketi kando yake.

Mwavuli juu ya pikipiki

Bodaboda wastahili neno lao. Pikipiki nyingi za eneo hili zimefungwa mwavuli mkubwa unaomkinga dereva na abiria dhidi ya jua na manyunyu. Mwavuli huo ni mzuri siku tulivu. Upepo wa dhoruba ukija kutoka ubavuni, hugeuka tanga na kuvuta pikipiki hadi katikati ya barabara, mbele ya trela. Dereva anayeona vumbi likitimka mbele yake na miti ikiinama ana dakika chache tu za kuukunja au kusimama. Na akisimama, asisimame chini ya mti.

Radi haina huruma na aliye wazi. Mwanga wake huonekana papo hapo lakini sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mtu akiona mmweko kisha akahesabu sekunde kabla ya ngurumo na kugawa kwa tatu, anapata umbali wa radi kwa kilomita. Akihesabu 30 au chini, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kumfikia. Gari lenye bodi ya chuma na madirisha yaliyofungwa ni kinga nzuri, kwa sababu umeme hupita kwenye bodi hadi ardhini. Pikipiki si kinga, na kibanda cha steji chenye mabati juu ya nguzo nne si kinga pia. Jengo lenye kuta, kama duka, shule au kanisa, ndilo pa kukimbilia. Mtu akae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Dakika hizo humchosha mwenye bodaboda anayehesabu siku yake kwa safari, na hakuna haja ya kujifanya kwamba hazimgharimu.

Mahindi kando ya lami

Tatizo hili ni letu wenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, Trans Nzoia na Bungoma huvuna mahindi. Bodi ya NCPB haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mkulima asiye na uwanja wa saruji wala mashine ya kukaushia huona lami yenye joto ikipita mbele ya shamba lake na kutandika turubai ukingoni. Mazao yake ya mwaka mzima yako hapo chini.

Wingu likija saa tisa, familia nzima hutoka mbio. Watoto wanashika mifagio, mama anajaza magunia, baba anavuta turubai, na migongo yao wote imeelekea barabara. Nusu ya njia imezibwa na punje, na punje juu ya lami huteleza kama gololi hata kabla mvua haijafika. Wakati huo huo matatu inakuja kwa kasi ikiikimbia mvua ile ile.

Kumlaumu mkulima ni rahisi na hakusaidii. Hata hivyo yapo mambo anayoweza kufanya bila gharama. Mahindi yaanikwe uwanjani pa nyumba, pa shule siku za likizo au pa kanisa kwa makubaliano, na si kwenye kona wala karibu na daraja, ambako dereva haoni mbele. Yakusanywe saa saba, kabla mawingu hayajaungana, badala ya kusubiri tone la kwanza. Watoto wasitumwe upande wa barabara hata kidogo. Vikundi vya wakulima viulize mapema kuhusu mashine za kukaushia kwenye maghala ya NCPB, kwa sababu foleni huwa ndefu mvua zinapoendelea hadi wakati wa mavuno. Na anayevuta trela la mahindi jioni aweke viakisi mwanga nyuma. Trela jeusi kwenye mvua ya magharibi halionekani mpaka limefikiwa.

Mto unaofurika jua likiwaka

Mito mingi ya Bungoma, ukiwemo Kuywa, huanzia miteremko ya Elgon. Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon kabla ya kuteremka Webuye na kuendelea hadi Budalang'i. Kwa hiyo mto unaweza kujaa mahali ambapo hakujanyesha hata tone. Mvua inapiga msituni juu, wakazi wa chini wanaanika nguo, na baada ya saa chache maji ya kahawia yenye magogo yanafika darajani.

Wingi wa maji hayo haukisiwi kwa macho. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu katika alasiri moja ya dhoruba, humwaga lita 160,000 hivi juu ya ekari moja. Ekari elfu za mteremko zikimwaga kwa pamoja kwenye bonde moja, kalvati la barabara ya murram halina uwezo wa kuyapitisha.

Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30, karibu na goti, gari dogo huanza kuelea. Yakifika 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe huyaamini. Juu ya hayo, dereva haoni kama barabara bado ipo chini ya maji au imeshachimbwa.

Desemba 4, 2021, katika Kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye mto Enziu maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Ukingoni watu walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wameinua simu. Video walizopiga zilionwa na nchi nzima: basi likisogea polepole, likiinama upande, kisha likipinduka. Wapo waliookolewa na wenyeji, lakini zaidi ya watu 30 walikufa. Upande wa pili wa Elgon, mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, Uganda, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Picha za Enziu huonyeshwa kama onyo kwa madereva, na ni sawa. Lakini zina onyo pia kwa waliosimama ukingoni wa mto wowote. Mtu mwenye nia njema akikuta maji juu ya daraja, mahali pake ni barabarani mita 200 kabla ya mto, pande zote mbili ikiwezekana, akiwa na nguo ya rangi kali au tochi, akisimamisha magari. Watu wanne wanaweza kufunga daraja mpaka polisi wafike. Watu mia moja ukingoni hawafungi chochote. Tena ukingo wenyewe huliwa na maji kutoka chini, na sehemu iliyojaa watazamaji ndiyo huporomoka kwa uzito wao. Vijana wanaoingia kuvua magogo ya kuni waambiwe hivyo na wazee wao mapema, kwa sababu gogo linaloonekana linaelea polepole lina uzito wa kumvunja mtu mguu.

Njia ya ambulensi

Kati ya Novemba 22 na 23, 2019, maporomoko ya ardhi katika Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 50. Barabara ya Kitale kwenda Lodwar ilikatika, na waokoaji wakapata shida kufika. Barabara ilikatwa na maji wakati huo, na hakuna aliyeweza kuizuia. Inayokatwa na magari ya watazamaji ni habari nyingine. Gari moja lililoegeshwa kwenye njia nyembamba ya murram, mlango wazi na mwenyewe akiwa mtoni anapiga picha, linatosha kuzuia ambulensi. Anayelazimika kusimama aondoe gari lote kwenye lami, awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu za kuakisi mwanga nyuma na mbele. Matawi ya miti yanayotumiwa badala yake huonekana mchana, ila usiku wa mvua hayaonekani. Pia huachwa hapo baada ya gari kuondoka, yakawa ajali ya mwenzake.

Kwenye barabara kuu ya Webuye kwenda Malaba, yenye malori ya mafuta yaendayo Uganda, lori likipinduka kwa utelezi umati usisogee. Sachangwan, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa mafuta. Malanga, Siaya, Julai 2021, walikufa wasiopungua 13.

Kwa mwenye kupenda mvua

Hamu ya kutazama dhoruba si kosa, na wapo wanaoweza kuifanya iwe faida kwa jirani. Picha iliyopigwa kutoka mahali palipoinuka, ikiwa na jina la mto, kijiji, tarehe na saa, humsaidia chifu na maafisa wa kaunti kujua ni daraja gani lifungwe. Video isiyo na maelezo hayo huzunguka miezi sita na kuwatisha watu wa mahali pengine. Asiyejua ilikopigwa asiisambaze.

Njia nyingine ni kipima mvua. Vituo vya hali ya hewa, kikiwemo cha Kitale, husoma kipimo kila siku saa tatu asubuhi. Mwalimu au mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani kwa chombo chenye kuta zilizonyooka, kikiwekwa wazi mbali na miti na paa, na kuandika milimita kwenye daftari. Baada ya msimu mmoja atajua ni mvua kiasi gani hufunga kalvati la kijijini kwake, jambo ambalo hakuna ofisi ya Nairobi inayoweza kumwambia.

Kalvati lililoziba au daraja lililopasuka liripotiwe kabla ya mvua. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti na barabara kuu za kitaifa ni la serikali ya taifa, lakini mkazi hatakiwi kujua mpaka huo. Apeleke taarifa kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu, nayo ifikishwe inakostahili. Kwa dharura, polisi wanapatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Anayepiga ataje kwanza mahali alipo, jina la daraja au soko la karibu, kisha idadi ya watu walio hatarini, na aseme ni upande upi wa mto ambako gari la uokoaji bado linaweza kupita.